Miti Iliongezeka, Ndege Akapungua: Mkasa wa Kapakeli na Misitu Yetu ya Magharibi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo halijapata uzito unaostahili katika mjadala wa upanzi wa miti nchini Kenya. Tangu serikali itangaze lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na hasa tangu Novemba 13, 2023, tulipopewa siku ya mapumziko ya kitaifa ili kila mmoja wetu akapande, idadi ya miche imekuwa ndiyo kipimo cha uhifadhi. Chifu huulizwa kata yake imepanda miche mingapi, mwalimu mkuu huulizwa vivyo hivyo, na gavana hujibu kwa tarakimu kubwa zaidi. Siupingi upanzi huo. Nimeushiriki na nitaushiriki tena mvua ndefu zikianza. Lakini lipo swali ambalo tarakimu hizo haziwezi kulijibu, nalo ni kama viumbe wanaoutegemea msitu wanarudi, au wanazidi kupungua huku miti ikiongezeka. Ipo nchi ambayo imelipitia hilo la pili kwa muda mrefu na kuliandika kwa uangalifu, na ndiyo sababu nitaanzia mbali kabla ya kurejea Kakamega na Nandi.

Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, kuna ndege wa msituni aitwaye kapakeli. Ni wa jamii moja na kware, kanga na kuku wetu, ila ni mkubwa ajabu: dume hufikisha kilo 4 na zaidi, naye jike ni takriban nusu ya hapo. Wakati wa baridi kali, ambapo ndege wengi hukosa riziki, yeye huishi kwa kula majani ya misonobari yaliyo membamba kama sindano. Majira ya kuchipua yakifika, madume hukusanyika alfajiri katika uwanja ule ule unaotumika mwaka baada ya mwaka, wakatandaza mikia na kuinua shingo, kila mmoja akitoa milio yake ya kugonga na kukwaruza huku majike wakitazama na kuchagua, jinsi vijana wa Shinyalu wanavyoshindana kucheza isukuti mbele ya kijiji kizima. Baada ya hapo dume hana sehemu yoyote katika malezi. Jike hutaga peke yake, chini ardhini, kwenye kishimo kidogo kando ya shina au ndani ya kichaka, kwa kawaida mayai 7 au 8, kisha huyaatamia kwa siku zipatazo 26. Vifaranga wakianguliwa huanza kutembea mara moja wakimfuata mama yao, na katika majuma ya kwanza ya maisha yao hutegemea viwavi na wadudu wengine wanaopatikana kwenye vichaka vifupi vya beri za buluu, ambavyo huota chini ya misonobari mikongwe iliyoachana vya kutosha kuruhusu jua kufika ardhini. Namwomba msomaji akumbuke vichaka hivyo, kwa maana sehemu kubwa ya mkasa huu imo humo.

Ndege huyu alikwisha kutoweka Uskoti mara moja. Misitu ya kale ilikuwa imekatwa, waliobaki wakawindwa, na kufikia mwaka wa 1785 au karibu na hapo hakuna aliyesalia. Mnamo 1837 na 1838 wenye mashamba makubwa walileta wengine kutoka Uswidi, nia yao kubwa ikiwa ni kupata ndege wa kuwinda, nao wakazaana na kusambaa. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba walikuwa wapatao 20,000. Kisha wakaanza kuporomoka. Hesabu ya kitaifa ya majira ya baridi ya 2015 na 2016 ilikadiria ndege 1,114, na iliyofuata, ya 2021 na 2022, ikakadiria 542 tu. Zaidi ya asilimia 80 ya hao wamebanana katika eneo moja, Hifadhi ya Taifa ya Cairngorms. Uwindaji ulikuwa umekomeshwa zamani, kwa hiyo bunduki haiwezi kubebeshwa lawama ya anguko hili la karibuni.

Linalonishangaza, na ambalo ningependa lisomwe katika kila ofisi ya misitu kuanzia Nakuru hadi Busia, ni kwamba kapakeli alipungua wakati miti ilipokuwa ikiongezeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilifunika takriban asilimia 5 ya ardhi ya Uskoti. Leo inakaribia asilimia 19. Vita Vikuu vya Kwanza viliiacha Uingereza ikiwa na uhaba wa mbao, ikaundwa tume ya misitu mwaka wa 1919, na kazi ya kupanda ikaendelea kwa bidii vizazi kadhaa. Kwa kipimo chetu cha sasa huo ungehesabiwa kuwa ushindi mkubwa. Lakini sehemu kubwa ya miti iliyopandwa ilikuwa misprusi ya Sitka, mti wa kigeni kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini unaokua upesi na kutoa mbao nyingi. Ilipandwa kwa safu zilizokaribiana mno, na ilipokua ikafunga juu kabisa. Chini yake kuna giza na tabaka la majani makavu. Kichaka cha beri za buluu hakiwezi kuota hapo, kiwavi hana pa kuishi, na kifaranga wa kapakeli hana chakula. Macho ya mpita njia yanaona msitu wa kijani kibichi, kumbe kwa jike anayetafuta mahali pa kulelea watoto hakuna kitu pale.

Si hivyo tu. Miche ilihitaji kulindwa dhidi ya kulungu, ambao ni wengi sana katika milima ile, basi zikajengwa nyua za waya za maelfu ya mita kukatiza msituni. Kapakeli ni ndege mzito anayeruka kwa kasi akiwa chini chini kati ya miti, na waya hauoni mpaka amekwisha kuugonga. Wakafa wengi. Uzio uliowekwa kwa nia njema ya kuutunza msitu ukageuka kuwa mtego wa ndege wa msitu huo huo, na imebidi sehemu nyingi ziondolewe au zitundikiwe alama zinazoonekana, huku idadi ya kulungu ikipunguzwa kwa njia nyingine. Ongeza na hali ya hewa: vifaranga huanguliwa Juni, na mwezi huo ukiwa na mvua nyingi hulowa, hupoa, hushindwa kutafuta chakula, na wengi hufa kabla hawajaota manyoya ya kutosha kujihifadhi. Mabadiliko ya tabianchi yameyavuruga majira ambayo ndege huyu ameyazoea tangu kale.

Ugumu unaoniumiza kichwa zaidi ni ule wa wanyama wala nyama. Mbweha na kunguru hula mayai na vifaranga, na kwa muda mrefu wamekuwa wakidhibitiwa kwa kuuawa. Yupo pia mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, hodari wa kupanda miti, aitwaye mateni, naye hupenda sana mayai ya kapakeli. Mateni mwenyewe alikuwa amekaribia kwisha kutokana na kuteswa na binadamu, akalindwa kisheria mwaka wa 1988, na tangu hapo ameongezeka na kurejea katika misitu aliyofukuzwa. Kila mhifadhi alishangilia. Sasa mnyama aliyelindwa anakula mayai ya ndege aliyelindwa, na wapenda maumbile wamegawanyika, baadhi wakitaka mateni apunguzwe, wengine wakiuliza ni haki gani ya kumwadhibu mmoja kwa ajili ya mwingine ilhali wote wawili walidhulumiwa na sisi. Watafiti wamejaribu njia ya tatu, ambayo naiona ya busara kubwa: katika msimu wa kutaga wanaweka mizoga ya kulungu mahali fulani msituni, mateni na wenzake wanashiba, na viota vinavyovamiwa vinapungua. Hakuna anayeuawa. Ni kazi ngumu, inayohitaji watu wa kubeba nyama msituni mwaka baada ya mwaka, na haina sherehe wala mgeni wa heshima wa kuizindua. Hata hivyo, ni uhifadhi kamili, tena wa kiwango cha juu kuliko wengi tunavyoudhania.

Kisha wapo wageni. Watu wanaoupenda msitu huenda kutembea na mbwa wasiofungwa, kuendesha baiskeli za milimani, kupiga picha. Kapakeli ni mwoga, na imethibitika kwamba huukwepa ukanda wa msitu ulio kando ya njia hata kama chakula kimejaa hapo, kwa hiyo kila njia mpya inakata kipande cha makao yake bila mti hata mmoja kuangushwa. Hata watazamaji wa ndege, watu ambao wangetoa fedha zao kumwokoa, huombwa kila mwaka wasiende kuvitafuta viwanja vya madume alfajiri, kwa kuwa wingi wa macho yanayowatamani unatosha kuwatawanya na kuharibu msimu mzima.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Uskoti ina wataalamu, ina fedha, ina rekodi za zaidi ya karne moja, na bado imefika kwa ndege 542 kwa sababu kwa muda mrefu ilitazama miti bila kutazama kilicho chini yake. Sisi tuna rasilimali chache kuliko hizo, na msitu wetu una viumbe wengi zaidi wa kupoteza.

Msitu wa Kakamega ndio masalia ya upande wa mashariki kabisa ya msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka nchi za Kongo na Afrika Magharibi. Una aina zaidi ya 300 za ndege, baadhi yao wasiopatikana kwingineko nchini. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1933, wakati ule ule wasaka dhahabu walipokuwa wakichimba Kakamega kwa pupa, na tangu siku hizo umekatwa, umelishwa mifugo, umechomwa makaa na kugawanyika vipande vipande. Kisere, Malava na Kaimosi ni vipande vilivyotengwa na mashamba ya mahindi, miwa na chai. Kasuku wa kijivu, ambaye wazee wetu walimwona akipita angani kwa makundi, amebaki kwa idadi ndogo mno kiasi kwamba kumwona ni bahati.

Nitatoa mfano mmoja ambao unafanana na ule wa vichaka vya beri, ingawa mhusika wake ni mdogo. Ndani ya Kakamega wapo ndege wa rangi ya kahawia wanaoishi karibu na ardhi, ambao hufuata misafara ya siafu. Siafu wakipita, panzi, mende na buibui hukurupuka kutoka chini ya majani, na ndege hao huwadaka wanapokimbia. Watafiti waliofanya kazi hapa mwanzoni mwa karne hii waligundua kwamba aina moja kuu ya siafu hao imepungua vibaya kadiri msitu ulivyokatwa katika kipindi cha miaka mia moja, na kwamba katika vipande vidogo vya msitu hawaonekani tena, na ndege wanaowategemea hupungua pamoja nao. Fikiria basi kipande cha msitu ambacho miti yake yote imesimama, na picha ya setilaiti inakionyesha kijani, na afisa anakihesabu kuwa kiko salama. Siafu wamekwisha. Ndege wa siafu wanakwisha. Hakuna mche wowote, hata ukipandwa na rais mwenyewe, utakaowarejesha hao kwa kupandwa tu; kinachohitajika ni kipande hicho kuunganishwa tena na msitu mkubwa ili siafu wapate njia ya kurudi.

Juu, kwenye vilele, yuko eremomela wa Turner. Ni kijindege kisichofika sentimita 10, chenye paji la rangi ya kahawia nyekundu na mkanda mweusi kwenye koo jeupe, nacho hutafuta wadudu katika majani ya miti mikubwa, musine ukiwa mmojawapo. Ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Hapa Kenya anajulikana katika misitu mitatu tu: Kakamega, Nandi Kaskazini na Nandi Kusini, na huko Nandi Kusini ndiko anakoaminika kuwa wengi zaidi. Nandi Kusini na Kakamega ilikuwa msitu mmoja kabla ya kutenganishwa katika karne iliyopita, na hata leo umbali kati yao ni kilomita chache tu. Mtu mzima anautembea asubuhi moja. Ndege wa vilele asiyependa kuvuka uwanda wazi huenda asiuvuke maisha yake yote. Ukiukata mti mmoja mkubwa wa musine ndani ya Nandi Kusini na kupanda miche 100 ya mikaratusi kando ya barabara, kitabu cha hesabu kitaonyesha faida ya miti 99, na eremomela atakuwa amepoteza nyumba.

Kuhusu ndege wa jamii ya kware wanaoishi ardhini, nadhani wengi wetu tuliwafikiria mara ya mwisho mwaka wa 2013, wakati nchi nzima ilipokimbilia kufuga kware kwa ajili ya mayai, na wafugaji walitakiwa kupata leseni kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwaka uliofuata soko likaanguka na watu wakahesabu hasara. Sikusikia wakati ule mtu yeyote akiuliza kware wa mwituni wana hali gani, wala kanga wa msituni, ambao wote hutaga chini kama kapakeli na hukumbwa na hatari zile zile za kukanyagiwa kiota na ng'ombe au kufurushwa na mbwa anayefuatana na mwokota kuni. Jamii zetu za Magharibi na Nyanza zina ujuzi wa zamani wa kutega ndege hawa. Ujuzi huo, wa kujua wanapolala, wanapotaga na msimu wanaopita, ungewafaa sana wahesabu wa ndege kama wenye nao wangeitwa na kusikilizwa.

Serikali yenyewe inajua kwamba miti na msitu si kitu kimoja. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya mwaka wa 2021 ilitoa takwimu mbili tofauti: eneo lililofunikwa na miti ya kila aina lilikuwa asilimia 12.13 ya nchi, na eneo la misitu lilikuwa asilimia 8.83. Lengo la 2032 limewekwa kwa takwimu ya kwanza, kufikia asilimia 30. Naelewa sababu. Mkulima wa Vihiga mwenye robo ekari hawezi kupanda msitu, lakini anaweza kupanda miti kwenye mpaka wa shamba, na miti hiyo ina faida kubwa: inampa kuni, nguzo na mbao, na hivyo kumpunguzia haja ya kuingia msituni. Hapo ndipo mikaratusi na misonobari ya haraka inapofaa, mbali na vyanzo vya maji. Ndani ya msitu wa asili hali ni nyingine kabisa. Humo msitu hujipanda wenyewe ukipewa nafasi. Hondohondo na kima humeza matunda na kuziangusha mbegu mbali na mti mama, bila kitalu wala bajeti. Mara nyingi kazi yetu pale ni kuuzuia moto, kuondoa mifugo na kungoja. Kungoja hakuwezi kupigwa picha wala kuingizwa katika JazaMiti, programu ya simu ya kurekodi miti iliyopandwa, na nahofia hiyo ndiyo sababu hakutajwi.

Sitaki nieleweke kuwa nawatetea ndege dhidi ya watu. Mama anayetoka Shinyalu au Ileho na kubeba mzigo wa kuni kichwani hafanyi hivyo kwa kupenda. Ana sufuria ya maharagwe ya kuivisha na gesi ni ghali. Kijana anayechimba mukombero, mmea wa msituni ambao mizizi yake hutafunwa, kuuza mjini Kakamega anatafuta karo ya ndugu zake. Lakini ni kweli pia kwamba mukombero ukichimbwa kiholela unang'oa vichaka vya chini na kuiacha ardhi tupu, na kwamba njia za wabeba kuni zimeongezeka hadi msitu umekatwakatwa kama ule wa Uskoti ulivyokatwakatwa na waendesha baiskeli. Tofauti ni kwamba kule anayeombwa abadilishe njia anapoteza burudani ya asubuhi moja, na hapa anapoteza chakula cha jioni. Mpango wowote usioanza na ukweli huo hautadumu. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wetu, kimeonyesha kwamba inawezekana: wamelima mmea wa dawa katika mashamba yao badala ya kuufuata msituni, wakatengeneza dawa ya kuchua, na kazi yao ikatambuliwa kwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator mwaka wa 2010. Mukombero nao unalimika shambani.

Uzio wa umeme wa milima ya Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009, na tangu hapo uzio umekuwa ukitajwa kila msitu wetu unapozungumziwa, Kakamega ukiwemo. Huenda ukasaidia dhidi ya wakata magogo. Hata hivyo, ningewaomba wahusika wasome kwanza yaliyowapata kapakeli kwenye waya, waulize uzio utapita wapi, utamkata nani na nani, na kama utaziba zile kilomita chache zinazotenganisha Kakamega na Nandi Kusini ambazo tungepaswa kuzifungua.

Jambo moja ambalo Uskoti imelifanya vyema ni kuhesabu. Madume huhesabiwa kwenye viwanja vyao kila majira ya kuchipua, na kila baada ya miaka kadhaa hufanyika hesabu ya nchi nzima kwa kutembea mistari iliyopangwa msituni. Bila hesabu hiyo wangeendelea kuitazama misitu yao ya misprusi kwa fahari. Sisi tunao utamaduni huo kwa ndege wa majini: kila Januari wataalamu na wenyeji huwahesabu katika Ziwa Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na ndivyo tunavyojua heroe wanapoongezeka au kuhama. Ndege wa msituni ni wagumu zaidi kuhesabu, maana husikika kabla ya kuonekana. Lakini Kakamega ina waongoza wageni vijana wanaoitambua sauti ya kila ndege gizani, ambao msimu wa wageni ukiisha hukaa bila kazi. Wakilipwa siku chache tu kila mwaka kutembea mistari ile ile, asubuhi zile zile, katika Kakamega, Kisere, Malava na misitu yote miwili ya Nandi, baada ya miaka mitano tutakuwa na jambo la kweli la kuambizana.

Kwa hiyo ombi langu kwa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kwa serikali za kaunti za Kakamega, Vihiga na Nandi ni hili. Ripoti ya miche ya msimu ujao isitolewe kwa tarakimu moja. Itaje ni mingapi iliyopandwa mashambani kwa ajili ya kuni na mbao, ni mingapi ya kiasili iliyopandwa pembezoni mwa msitu, ni ya aina gani, na ni mingapi ya mwaka uliotangulia ambayo bado iko hai. Itaje pia ni hekta ngapi zilizoachwa zijipande zenyewe, na nani anazilinda. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inavipa vyama vya jamii vya misitu haki ya kushiriki katika usimamizi. Basi vyama hivyo vikae na KFS na kukubaliana ni njia zipi zifungwe kwa miezi ya kutaga na zipi zibaki wazi kwa wabeba kuni, na mapatano hayo yabandikwe katika ofisi ya kila chifu. Na wenye mashamba kati ya Kakamega na Nandi Kusini waitwe wazungumziwe kuhusu ushoroba wa miti ya asili, wakilipwa fidia ya haki kwa kila kipande watakachokitoa, kabla bei ya ardhi haijapanda hadi pasiwezekane tena.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Shinyalu,
Kaunti ya Kakamega